Nafsi ya "Sisi" katika Malumbano ya Mashabiki wa Besiboli

Miongoni mwa tanzu za usemi ambazo hazijapata nafasi katika orodha za fasihi simulizi, ijapokuwa zina majira yake, kanuni zake na mafundi wake, ni malumbano ya mashabiki wa besiboli nchini Marekani kabla ya msimu kufunguliwa. Besiboli ni mchezo wa jua. Msimu wake huanza mwishoni mwa Machi au mapema Aprili na kukoma Oktoba, au katika siku za kwanza za Novemba. Miezi mingine viwanja huwa vitupu, na katika miji ya kaskazini hufunikwa na theluji. Hapo ndipo maneno yanapochukua nafasi ya mchezo. Wamarekani wa zamani, waliokuwa wakikusanyika kuota moto madukani wakati wa baridi, waliyapa mazungumzo hayo jina la ligi ya jiko la moto, kana kwamba kuzungumza nako ni kushindana. Jina lingalipo, ingawa majiko yenyewe yametoweka.

Mtu akiyasikiliza malumbano haya kwa sikio la mhakiki, jambo la kwanza litakalomgusa ni kwamba hayana tukio la kusimulia. Hadithi husimama juu ya wakati uliopita. Malumbano haya husimama juu ya wakati ujao na juu ya masharti. Lau yangetafsiriwa kwa Kiswahili, yangejaa viambishi -ta- na -nge-: fulani atapona bega, fulani angefaa kupiga wa pili badala ya wa tano, timu itashinda mechi 85 iwapo warushaji wake hawataumia. Muundo wake ni ule ule wa malumbano ya washairi, ambapo mmoja hutoa hoja na mwenzake hulazimika kumjibu katika uwanja huo huo, kwa kipimo hicho hicho, huku wasikilizaji wakiwa mahakimu. Tofauti ni kwamba hapa hakimu wa kweli, yaani msimu wenyewe, hajafika barazani.

Jambo la pili, na ndilo lenye uzito, ni nafsi inayotumika. Shabiki hasemi kwamba klabu ya Chicago inahitaji mrushaji. Husema, "Tunahitaji mrushaji." Huyu ni mtu asiyemiliki hata kiti kimoja uwanjani, asiyejulikana na mchezaji yeyote, na anayelipa ili aingie, walakini anazungumza katika nafsi ya kwanza, wingi. Swali la kuulizwa ni hili: "sisi" hiyo ni nani? Yafaa swali hili lichunguzwe kwa kutazama mfano mmoja ulio bayana, nao ni mjadala wa mashabiki wa Chicago Cubs katika majira ya machipuko ya mwaka 2015.

Cubs waliufikia msimu huo wakiwa na historia nzito mno. Walikuwa hawajatwaa ubingwa wa World Series tangu 1908, wala hawajacheza katika mashindano hayo tangu 1945, waliposhindwa na Detroit Tigers. Kuhusu mwaka huo wa 1945 kuna kisa ambacho kila mtoto wa Chicago hukisikia: mwenye baa mmoja, Billy Sianis, alifika uwanjani Wrigley Field na mbuzi wake, mbuzi akakataliwa, naye Sianis akaondoka akiwa ameilaani timu. Ernie Banks, mchezaji aliyependwa kuliko wote katika klabu hiyo, aliitumikia tangu 1953 hadi 1971, akavusha mpira ukuta mara 512, na asicheze hata mechi moja ya World Series. Banks alikuwa na desturi ya kuukaribisha msimu mpya kwa kauli fupi zenye vina zilizotabiri ushindi. Mashabiki walizirudia, wakijua fika kwamba zilikuwa zimekwisha kukanushwa na miaka iliyotangulia. Alifariki Januari 2015, majuma machache kabla ya mazoezi ya machipuko kuanza kule Mesa, Arizona.

Kwa mtu aliyezaliwa Chicago mwaka 1946, basi, kusema "sisi" kulikuwa na maana moja isiyo na utata. Mtu huyo alikuwa akitimiza miaka 69 bila ya kuiona timu yake katika mashindano ya kilele. Aliyarithi mapenzi hayo kwa baba yake kama mtu anavyorithi jina la ukoo, na alikwisha kuyarithisha kwa wanawe. "Sisi" yake ilikuwa ni jumla ya watu waliongoja, wengi wao wakiwa makaburini. Hii inaweza kuitwa "sisi" ya kumbukumbu. Haidai chochote isipokuwa haki ya kuhesabiwa miongoni mwa waliokuwapo.

Kando yake ipo "sisi" ya pili, ile ya matumaini, nayo humzunguka mchezaji chipukizi. Katika malumbano ya kabla ya msimu, mchezaji mkongwe ana udhaifu mmoja mkubwa: anajulikana. Takwimu zake zimekwisha andikwa, na ubishi juu yake una mipaka. Chipukizi, kwa upande mwingine, ni mhusika asiye na hadithi, hivyo kila mtu humtungia ya kwake. Neno wanalomwita kwalo, "prospect", asili yake ya Kilatini ni kutazama mbele, na ndilo neno lililotumiwa na watafuta dhahabu kwa eneo linalodhaniwa kuwa na madini. Aidha, ligi ndogo anamolelewa huitwa mfumo wa shamba. Mfumo huo ulijengwa na Branch Rickey katika klabu ya St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920, ili klabu iwakuze wachezaji wake yenyewe badala ya kuwanunua kwa bei ya juu. Hivyo kijana hutajwa kwa lugha ya mgodi na ya kilimo: ana thamani, anaiva, asichumwe mapema. Sitiari hizi zimezoeleka kiasi kwamba hakuna anayezisikia tena kuwa ni sitiari. Hata hivyo zina athari. Anayeiva hana la kusema juu ya siku ya mavuno.

Mashabiki wa Cubs hawakuwa wageni wa matumaini ya namna hii. Corey Patterson alichaguliwa wa tatu nchini kote mwaka 1998, na wengi walimwona nyota; hakuwa. Mark Prior, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2001, alishinda mechi 18 katika msimu wa 2003, kisha majeraha yakamwandama, na baada ya 2006 hakurusha tena katika ligi kuu. Majina haya hutumika katika malumbano kama methali zinavyotumika katika mazungumzo ya wazee. Mtu akimsifu mno kijana, mwenziwe hahitaji kutoa hoja ndefu. Humtajia Prior, akanyamaza. Waswahili husema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Shabiki wa Cubs, kwa jinsi alivyofundishwa na miaka, angeongeza kwamba hata nyota ya kuzima huonekana asubuhi hiyo hiyo, nayo hung'aa vivyo hivyo.

Chipukizi wa 2015 alikuwa Kris Bryant. Ili kuuelewa mjadala uliomzunguka, inafaa kukumbuka jinsi alivyopatikana. Mwaka 2011 klabu ilimwajiri Theo Epstein kuongoza shughuli za mchezo, naye alichagua kubomoa ili ajenge. Msimu wa 2012 Cubs walishindwa mara 101 katika mechi 162. Kwa kuwa kanuni za uteuzi wa wachezaji vijana huzipa nafasi za mwanzo timu zilizofanya vibaya, kushindwa huko kuliipa klabu nafasi ya pili katika uteuzi wa 2013, na ndipo ilipomchagua Bryant kutoka Chuo Kikuu cha San Diego. Alikuwa, kwa maana halisi, zao la kushindwa mara 101. Mashabiki walilipia tiketi kushuhudia kushindwa huko, na wengi wao walikubali kwa maneno haya: tunapoteza sasa ili tushinde kesho. Katika kauli hiyo "sisi" ya kumbukumbu na "sisi" ya matumaini ziliungana, na ya tatu ikaanza kuingia bila ya kubisha hodi.

Mwaka 2014 Bryant alivusha mpira ukuta mara 43 katika ligi ndogo. Machi 2015, katika mechi za mazoezi, alifanya hivyo mara tisa, zaidi ya mchezaji mwingine yeyote. Hapakuwa na shaka kwamba alistahili kuanza msimu katika ligi kuu. Lakini kulikuwa na hesabu. Kwa mujibu wa mkataba kati ya wenye klabu na chama cha wachezaji, mchezaji hawi huru kuchagua mwajiri wake mpaka atimize miaka sita kamili ya utumishi katika ligi kuu, na mwaka kamili ni siku 172. Msimu wenyewe huzidi idadi hiyo kwa siku kumi na kitu tu. Hii ni kusema kwamba kijana akizuiwa katika ligi ndogo kwa majuma mawili hivi ya mwanzo, mwaka wake wa kwanza hautatimia, na klabu itakuwa naye kwa msimu wa saba. Majuma mawili ya Aprili 2015 yalikuwa na thamani ya mwaka mzima wa 2021.

Mjadala uliozuka ulikuwa mkali, na pande zake mbili zilikuwa na hoja zinazostahili heshima. Upande mmoja ulisema kwamba mchezo una ahadi kwa mtazamaji: wanaocheza ni walio bora. Klabu ikimficha aliye bora kwa sababu ya kalenda, imeivunja ahadi hiyo siku ya kwanza kabisa. Kwa mzee aliyekwisha kungoja miaka 69, majuma mawili hayakuwa kitu cha kuchezea. Upande wa pili ulijibu kwamba subira huvuta heri, na kwamba timu iliyongoja zaidi ya karne haiwezi kushindwa kungoja siku kumi na mbili. Hoja ya upande huu ilielezwa karibu kila mara kwa nafsi ile ile: tutampata kwa mwaka mmoja zaidi, tutamdhibiti hadi 2021, tusipofanya hivyo tutakuwa wapumbavu.

Hapa ndipo ilipo "sisi" ya tatu, nayo ndiyo kiini cha insha hii. Anayesema "tutamdhibiti" hazungumzi tena kama mrithi wa waliongoja, wala kama mtazamaji anayetumaini. Anazungumza kama mwenye mali. Ajabu ni kwamba hakuna alichopewa. Mwaka wa saba wa Bryant haukumpunguzia shabiki bei ya tiketi; akiba yake, kama ipo, ilikuwa ya familia ya Ricketts, walioinunua klabu mwaka 2009. Shabiki aliazima sauti ya tajiri na kuitumia bila malipo, tena dhidi ya kijana aliyekuwa akimshangilia. Na kwa kuwa kiwakilishi ni kile kile kilichobeba kumbukumbu ya baba yake, hakuhisi mahali alipovuka kutoka maana moja hadi nyingine. Sarufi haikumwekea mpaka.

Jinsi shabiki alivyojifunza lugha hiyo ni kisa chenye kinaya. Hapo awali hesabu za kina za besiboli hazikuwa silaha ya matajiri. Bill James, aliyeanza kuchapisha vijitabu vyake mwaka 1977, alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya makopo huko Kansas. Alihesabu kwa sababu alipenda, na alitaka kuonyesha kwamba wataalamu wa klabu walikuwa wakirudia mambo wasiyoyapima. Hesabu ilikuwa sauti ya asiye na cheo. Lakini mwaka 2002 James aliajiriwa na klabu ya Boston Red Sox, ambako Epstein alikabidhiwa uongozi wa mchezo mwaka huo huo, na maarifa yaliyozaliwa kwa mashabiki yakahamia ofisini. Yaliporudi kwa mashabiki yalikuwa yamebadilika lafudhi. Swali la James lilikuwa: mchezaji huyu ana ubora gani? Swali lililorudi kutoka ofisini lilikuwa: ubora huo unapatikana kwa bei gani, na kwa miaka mingapi?

Riwaya iliyoiona hatari hii mapema ni ile ya Robert Coover ya mwaka 1968 kuhusu mhasibu aitwaye Henry Waugh, anayeendesha ligi nzima ya besiboli mezani pake kwa kutupa dado. Waugh amewapa wachezaji wake wa kubuni majina, tabia na historia. Anampenda kupita kiasi mrushaji mmoja chipukizi, Damon Rutherford. Kisha dado zinaanguka kwa namna inayoamuru, kwa sheria alizozitunga Waugh mwenyewe, kwamba kijana huyo afe. Uzito wa riwaya hiyo hauko katika kifo. Uko katika ugunduzi kwamba mtu anaweza kumpenda mwingine kwa dhati na bado kuwa ndiye mwenye daftari. Shabiki wa 2015, akiwa na kalenda mkononi akihesabu siku 172, alikuwa ameketi karibu sana na meza ya Waugh.

Huenda ikapingwa kwamba huku ni kuzipa silabi mbili mzigo usio wao. Bryant hakuwa maskini: aliposaini mkataba wake wa kwanza alipewa ada ya dola zipatazo milioni 6.7. Mfanyakazi wa Chicago anayehesabu nauli ya treni ana haki ya kuuliza kwa nini amwonee huruma. Pingamizi hili ni la haki, na halifai kupuuzwa. Lakini jibu lake limo katika historia ya mchezo wenyewe. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis Cardinals, aliyelipwa vizuri kwa vipimo vya wakati wake, aliuzwa kwa Philadelphia bila ya kuulizwa. Alikataa, akamwandikia kamishna wa besiboli kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali atakalo. Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwaka 1972, na kazi yake ya uchezaji ikawa imekwisha. Mwaka 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kesi ya wachezaji wengine wawili, na kifungo alichokipinga Flood kikalegezwa. Ile miaka sita inayohesabiwa kwa siku 172 ni mabaki ya kifungo hicho, yaliyopunguzwa kwa mapatano. Aidha, wengi wa walio katika ligi ndogo hawakupata kamwe ada ya Bryant. Walikaa miaka mingi kwa ujira duni bila ya chama cha kuwatetea. Walijiunga na chama mwaka 2022 na kupata mkataba wao wa kwanza wa pamoja mwaka 2023. Lugha inayomwita tajiri mmoja zao la shamba huwaita hivyo na wenzake mamia walio maskini.

Yaliyofuata yanajulikana. Klabu ilisema Bryant alihitaji kujinoa katika ulinzi, ikamwacha katika ligi ndogo. Alikosa mechi nane za mwanzo, akaitwa tarehe 17 Aprili 2015, na mwisho wa msimu siku zake za utumishi zilikuwa 171. Ilipungua siku moja. Alichaguliwa mchezaji bora miongoni mwa wageni wa ligi mwaka huo, na mchezaji bora kwa jumla mwaka 2016. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 2016, mjini Cleveland, ni yeye aliyeuokota mpira wa mwisho na kumrushia Anthony Rizzo, na miaka 108 ikafikia kikomo. Watu wa Chicago waliandika kwa chaki, juu ya kuta za Wrigley Field, majina ya wazazi na mababu waliokufa wakingoja. Hiyo ilikuwa "sisi" ya kumbukumbu, na hakuna mhakiki mwenye moyo atakayeidhihaki.

Ushindi huo, hata hivyo, haukuwa na uhusiano wowote na mwaka wa saba. Malalamiko yaliyowasilishwa na chama cha wachezaji kwa niaba ya Bryant yalisubiri miaka mingi, na mapema mwaka 2020 msuluhishi aliamua kwamba klabu haikuvunja mkataba. Mwaka wa saba ukafika: 2021. Timu ilipolegea katikati ya msimu, klabu ilimuuza Rizzo tarehe 29 Julai, na kesho yake ikawauza Javier Báez na Bryant. Mwaka ambao mashabiki walikuwa wameutetea kwa "sisi" uligeuka kuwa miezi minne ya mchezo na bidhaa moja ya kubadilishana. Waliokuwa wamesema "tutamdhibiti" hawakuulizwa lolote siku ya kumtoa. Wengi walilia, na vilio vyao vilikuwa na nafsi nyingine: "wamemuuza." Katika muda wa siku mbili "sisi" ilikuwa imegeuka "wao", na mpaka ambao sarufi haikuuweka mwaka 2015 ukaonekana kwa kila mtu.

Mkataba wa mwaka 2022, uliotiwa saini baada ya wenye klabu kuwafungia wachezaji milango kwa siku 99, uliyatazama matatizo haya. Mchezaji mgeni anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za mgeni bora sasa huhesabiwa mwaka mzima hata kama aliitwa kwa kuchelewa, na klabu inayomwanzisha chipukizi wake tangu siku ya kwanza yaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada katika uteuzi. Kwa hiyo hesabu za kila Machi zimebadilika, na malumbano yamepata msamiati mpya. Kiwakilishi hakijabadilika, wala si lazima kibadilike. Shabiki aliyenyang'anywa "sisi" angebaki mnunuzi wa tiketi tu, na utanzu wenyewe ungekufa pamoja na jiko lake. Lililo muhimu ni kuisikia kila inaposemwa, na kuuliza ni ipi kati ya zile tatu inayozungumza: ya waliongoja, ya wanaotumaini, au ya mwenye daftari. Wanafunzi wa fasihi wamezoea kumuuliza msimulizi swali la namna hiyo. Baraza la jiko la moto, ambalo kila mwaka humpandisha kijana mwingine jukwaani kabla hajapiga mpira hata mmoja, linastahili kuulizwa vivyo hivyo, hasa na wale wanaolipenda.